Bomba la Maji ya Kunywa Laweza Kuua Samaki wa Bahari: Jinsi ya Kuchagua Vifaa Salama

Mkazi anayepanga kuweka tangi la samaki wa bahari, liwe la nyumbani, la hoteli au la biashara, huanza kwa kufikiria kioo, taa na aina ya samaki. Mabomba hufikiriwa mwisho, na mara nyingi kazi yote huachiwa fundi wa mifereji. Fundi naye huenda katika duka la vifaa vya ujenzi na kununua anavyovijua: koki ya brasi, kiungo cha chuma, vibano vya kukazia mpira. Vifaa hivyo vimekaguliwa na watu hunywa maji yanayopita ndani yake kila siku bila kudhurika. Kwa kamba, konokono wa baharini au matumbawe, hata hivyo, koki moja ya namna hiyo yaweza kuwa sumu.

Jambo hili linawahusu wengi katika Kaunti ya Kilifi kuliko inavyodhaniwa. Wapo wenye mikahawa wanaohifadhi kambakoche na kaa wakiwa hai hadi mteja atakapofika. Yapo makundi ya vijana yanayonenepesha kaa wa mikoko. Wapo wafanyabiashara wanaoshikilia samaki wa mapambo kwa siku kadhaa kabla ya kuwasafirisha, na wapo wanaotamani kuwa na mwamba mdogo wa bahari sebuleni. Wote hawa hutegemea maji yanayozunguka saa ishirini na nne ndani ya mabomba, valvu na pampu. Kifaa kibaya kikiingia katika mzunguko huo, hasara huwa ya tangi zima, na mara nyingi mwenyewe hatambui chanzo chake.

Kwa nini chumvi hubadilisha mambo

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo huwezesha umeme kupita ndani ya maji kwa urahisi, na hapo ndipo kutu hupata nguvu. Anayeishi Gongoni, Marereni au Kurawa, karibu na mashamba ya chumvi, hahitaji kuelezwa jinsi bati linavyoliwa na hewa peke yake. Ndani ya maji yenyewe kazi hiyo huenda kwa kasi zaidi.

Hatari huongezeka pale metali mbili tofauti zinapogusana ndani ya maji ya chumvi. Hapo zinakuwa kama betri ndogo: metali moja huliwa haraka ili nyingine isalie. Ndiyo maana skrubu ya chuma iliyokazwa kwenye koki ya brasi huoza mapema kuliko ingekaa peke yake.

Katika bomba la nyumba, kutu ni tatizo la bomba. Maji hupita, hutumika na kumwagika. Katika tangi la bahari maji ni yale yale yanayozunguka wiki baada ya wiki, kwa hivyo kinacholiwa kwenye metali hakiendi popote. Hukusanyika ndani ya maji, kwenye mchanga, kwenye mawe na hatimaye ndani ya miili ya viumbe.

Shaba ndiyo adui wa kwanza

Kati ya metali zote zinazopatikana kwenye vifaa vya mabomba, ya kuogopwa zaidi ni shaba nyekundu. Binadamu anaihitaji kidogo mwilini, na Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kiwango cha miligramu 2 za shaba kwa kila lita ya maji ya kunywa. Viumbe vya baharini havina uvumilivu huo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inaweka kiwango cha kulinda viumbe vya maji ya chumvi dhidi ya madhara ya muda mfupi kuwa mikrogramu 4.8 kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Kwa hesabu hiyo, maji ambayo mtu anaweza kunywa bila wasiwasi yanaweza kuwa na shaba zaidi ya mara 400 ya kiwango kinacholinda viumbe vya bahari.

Tofauti hiyo ndiyo sababu alama ya ubora kwenye koki haitoshi. Alama inamhakikishia mnunuzi kwamba kifaa kimetengenezwa kwa viwango vya matumizi ya kawaida. Haisemi lolote kuhusu konokono au matumbawe.

Watu wa bahari wamelijua jambo hili kwa muda mrefu, ingawa kwa upande mwingine. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliivisha manowari yake HMS Alarm mabamba ya shaba chini ya maji ili minyoo isitoboe mbao na viumbe visijishike. Hadi leo rangi nyingi zinazopakwa chini ya mashua ili kuzuia viumbe kuota zina shaba ndani yake. Mwenye mashua hutumia shaba makusudi ili kuvizuia viumbe vya bahari. Mwenye tangi akiweka koki yenye shaba anafanya kazi hiyo hiyo bila kukusudia.

Samaki huvumilia shaba zaidi kidogo kuliko viumbe wasio na uti wa mgongo. Wafugaji hata huitumia kama dawa ya vimelea vya ngozi, kwa kipimo cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, katika tangi la pembeni lisilo na kamba, konokono wala matumbawe. Kwa sababu hiyo, tangi lenye shaba huweza kuonekana sawa huku samaki wakiogelea, ilhali kamba wanakufa mmoja mmoja, konokono wanaanguka kutoka kwenye kioo na matumbawe yamejikunja. Mwenye tangi hulaumu chakula au joto, kumbe kosa liko kwenye koki.

Vifaa vya kuepuka

Brasi, ile shaba ya manjano, ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Hutumika kutengeneza koki, valvu, viungo vya skrubu na mita za maji. Maji ya chumvi huondoa zinki kwanza na kuacha metali yenye vishimo na rangi ya waridi. Baada ya hapo kifaa huwa dhaifu na huweza kukatika ghafla.

Brasi iliyopakwa kromu au nikeli hung'aa kama fedha na ndiyo inayowadanganya wengi. Mipako hiyo ni myembamba, na ikichubuka sehemu moja tu brasi iliyo ndani hugusana na maji. Kwa kifaa kidogo kilichokusudiwa tangi, njia rahisi ya kujua ni kukwaruza mahali pasipoonekana kwa ncha ya msumari. Rangi ya manjano ikitokea, kifaa hicho kisitumike.

Bomba la chuma lililopakwa zinki, ambalo mafundi huliita GI, nalo halifai. Zinki huisha, kisha chuma hushika kutu. Zinki yenyewe ni sumu kwa viumbe vya bahari ikizidi, ingawa si kali kama shaba. Wavu wa chuma wenye zinki unaowekwa juu ya tangi ili samaki wasiruke nje una hatari hiyo hiyo, kwa kuwa mvuke na matone ya chumvi huugusa kisha hurudi ndani. Paa la mabati linalodondosha maji ya mvua ndani ya tangi la nje lina shida sawa.

Chuma kisichoshika kutu, au stenlesi, si cha namna moja. Kile cha gredi 304, kinachotumika kwa sufuria na masinki ya jikoni, hutoboka katika maji ya bahari. Cha gredi 316 kimeongezwa molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na hustahimili zaidi. Hata hivyo, nacho huweza kutoboka mahali ambapo maji ni ya vuguvugu na yamesimama, kama vile chini ya kibano. Ni vyema vibano vya stenlesi vitumike nje ya maji tu. Tena vikaguliwe kwa makini: mara nyingi ukanda huwa wa stenlesi lakini skrubu yake ni ya chuma cha kawaida. Sumaku ndogo husaidia hapa. Ikinata kwenye skrubu, kuna uwezekano mkubwa kwamba itashika kutu.

Si metali pekee zinazodhuru. Mpira wa kawaida wa kumwagilia bustani haukutengenezwa kwa kufikiria viumbe, na baadhi yake hutiwa kemikali za kuulainisha na za kuzuia ukungu. Raba ya tyubu ya gari, ambayo mafundi wengi huitumia kufunga bomba linalovuja, ina zinki iliyochanganywa wakati wa kutengenezwa. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, mara nyingi zimewekwa dawa yenye shaba na aseniki. Zisitumike mahali zinapogusa maji au zinapodondosha matone ndani yake.

Vifaa vinavyofaa

Habari njema ni kwamba vifaa salama vinapatikana katika maduka ya kawaida ya kaunti hii, na vingi si ghali kuliko vile vya metali.

Bomba la uPVC la shinikizo ndilo linalotumika zaidi katika matangi ya bahari duniani. Ni gumu, halishiki kutu na huunganishwa kwa gundi yake maalum. Neno la kuangalia ni "shinikizo". Bomba jembamba la maji taka halikutengenezwa kuhimili nguvu ya pampu, na viungo vyake vya mpira huweza kuachana. Laweza kutumika kwenye njia ya maji yanayoshuka yenyewe, lakini si kwenye njia ya pampu. Mabomba ya zamani ya PVC, hasa yasiyo na maandishi, yaepukwe, kwa kuwa huko nyuma risasi ilitumika mara nyingi kuimarisha plastiki hiyo.

Bomba la HDPE, lile jeusi lenye mstari wa buluu linalouzwa kwa mizingo, linajulikana sana katika miradi ya maji ya vijijini. Linafaa kwa kuvuta maji kutoka baharini kwa sababu linapinda bila kuvunjika, na weusi wake hulikinga dhidi ya jua. Viungo vyake vya kukaza kwa mkono viwe vya plastiki kabisa.

Bomba la PPR, la kijani au jeupe, linalounganishwa kwa mashine ya joto, nalo ni salama. Tahadhari iko kwenye viungo vyake vya skrubu. Vingi vina pete ya brasi iliyofichwa ndani ya plastiki na kung'arishwa kwa nikeli. Fundi akiangalia kwa nje huona plastiki tu. Kila kiungo cha PPR kitazamwe ndani kabla ya kununuliwa, na chenye metali kiachwe dukani.

Valvu ziwe za plastiki, za gololi, na zenye yunioni pande zote mbili ili ziweze kufunguliwa na kuoshwa. Mihuri ya ndani iwe ya mpira wa EPDM au silikoni. Pampu iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji kwamba inafaa maji ya bahari, yenye mwili wa plastiki na mhimili wa kauri au titani. Pampu ya kawaida ya kisima au ya kupandisha maji kwenye tangi la paa mara nyingi ina feni ya brasi au kichwa cha chuma, na haifai hata kwa siku moja.

Kwa kuhifadhi maji, tangi la plastiki la maji ya kunywa linafaa. Pipa kuukuu la buluu linunuliwe tu ikiwa inajulikana lilibeba nini. Pipa, bomba au bomba la kunyunyizia lililowahi kushika dawa ya kupe au ya wadudu shambani lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi. Dawa nyingi za wadudu ni kali sana kwa kamba na kaa, ambao kimaumbile wako karibu na wadudu wenyewe. Tangi jipya la saruji nalo huachilia chokaa inayobadilisha maji. Lijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki kadhaa kabla ya kuwekwa viumbe.

Gundi, tepu na silikoni

Gundi ya uPVC huyeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane. Ikikauka kabisa ni salama. Ikiwa mbichi, mvuke wake ni mkali kwa fundi na kwa viumbe pia. Kazi hiyo ifanywe mahali penye hewa, mbali na tangi lenye samaki, na mwenyewe afuate muda ulioandikwa kwenye mkebe. Kusubiri saa 24 kabla ya kupitisha maji, kisha kumwaga maji ya kwanza, ni desturi nzuri.

Kwa viungo vya skrubu, tepu nyeupe ya mafundi inatosha. Katani iliyopakwa dawa ya kuzibia, ambayo mafundi wengi wameizoea kwenye mabomba ya chuma, isitumike: katani huoza na dawa hiyo haikukusudiwa viumbe. Silikoni ya kuzibia kioo iwe asilimia 100 na isiwe na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi imetiwa dawa hiyo, na maandishi ya chupa husema hivyo waziwazi.

Kila kifaa kipya kioshwe kwa maji safi ili kuondoa vumbi na mafuta ya kiwandani. Sabuni isitumike. Siki kidogo iliyochanganywa na maji huondoa madoa, kisha kifaa kisuuzwe vizuri.

Mpangilio una uzito wake

Bomba salama lililopangwa vibaya bado laweza kuua samaki au kufurika nyumba. Umeme ukipotea, pampu husimama, na maji yaliyo juu hurudi chini kupitia bomba lile lile hadi mdomo wake uguse hewa. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 3 chini ya maji, lita 18 zitashuka. Chombo cha chini kikiwa kimejaa tayari, lita hizo zote zitaishia sakafuni. Dawa yake ni kuweka mdomo wa bomba karibu na uso wa maji na kuacha nafasi ya kutosha chini. Valvu ya kuzuia maji kurudi isitegemewe peke yake, kwa sababu punje ya mchanga yatosha kuizuia isifunge.

Bomba la maji yanayoshuka liwe pana kuliko la pampu. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, nafasi ya maji kupita huongezeka mara nne. Bomba la pili la dharura, lililowekwa juu kidogo ya lile la kwanza, huokoa tangi siku ambayo konokono au jani litaziba njia.

Wanaovuta maji moja kwa moja kutoka baharini hukabiliwa na jambo jingine: viumbe vidogo hujishika ndani ya bomba na kulifanya jembamba. Vituo vingi huweka mabomba mawili na kuyatumia kwa zamu. Lile linalopumzika huachwa likiwa limefungwa hadi viumbe vife kwa kukosa hewa, kisha huoshwa. Kwa njia hiyo hakuna haja ya sumu yoyote.

Ukishuku sumu

Kamba na konokono wakianza kufa huku samaki wakionekana wazima, mwenye tangi achukue hatua kwa utaratibu huu. Kwanza awahamishe viumbe waliobaki hadi kwenye chombo cha plastiki chenye maji safi ya bahari na hewa ya kutosha. Pili, akague kila kifaa kutoka pampu hadi koki ya mwisho, akitafuta rangi ya kijani, kutu ya hudhurungi au mpako uliochubuka, na akiondoe kabisa kilichooza. Tatu, abadilishe maji kwa awamu na kuweka mkaa maalum wa kuchujia, ambao hupunguza sumu iliyobaki.

Vipimo vya shaba vya kununuliwa dukani husaidia, lakini vingi havionyeshi kiasi kidogo kinachoweza kudhuru matumbawe. Kipimo kikionyesha sufuri, kisichukuliwe kuwa uthibitisho kwamba maji ni salama. Tena mawe ya chokaa na mchanga hunyonya shaba na kuiachilia polepole baadaye. Tangi lililopata sumu nyingi huenda likahitaji kubadilishiwa mawe na mchanga wote. Tangi lililotumika kutibu samaki kwa shaba lisigeuzwe kuwa tangi la matumbawe kwa sababu hiyo hiyo.

Sheria na mazingira

Vifaa salama havimpi mtu ruhusa ya kuchukua chochote baharini. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake uvuvi na uchukuaji wa matumbawe au kombe haukubaliwi. Matumbawe magumu yameorodheshwa pia katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake kuvuka mipaka huhitaji vibali. Uvuvi na biashara ya samaki wa mapambo husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Anayekusudia kuanza biashara afike kwanza katika afisi ya uvuvi ya kaunti ndogo yake ili aelezwe kuhusu leseni, na kwa masuala ya hifadhi aulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Maji yanayotolewa kwenye tangi nayo yapangiwe mahali pa kwenda. Maji ya chumvi yakimwagwa karibu na kisima au shambani huharibu maji ya jirani na udongo. Maji yaliyotiwa dawa ya shaba yasirudishwe baharini wala kwenye mkondo.

Funzo hata kwa wasio na tangi

Nyumba nyingi karibu na ufuo hutegemea visima ambavyo maji yake yana chumvi. Mwenye nyumba aliyechoka kubadilisha koki zilizooza na mabomba ya GI yaliyoziba kwa kutu anapambana na tatizo lile lile, kwa kiasi kidogo. Mabomba na valvu za plastiki, zenye ubora unaotakiwa, zitamdumu zaidi.

Kabla ya kulipa dukani, mnunuzi ajiulize maswali manne. Je, kifaa hiki kina metali yoyote inayogusa maji, hata iliyofichwa ndani? Je, kimeandikwa aina ya plastiki na kiwango cha shinikizo? Je, kinaweza kufunguliwa na kuoshwa bila kukatwa? Je, kimewahi kutumika kwa kemikali? Alama ya Shirika la Kukagua Ubora wa Bidhaa (KEBS) inaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wa SM#, ukifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama, kwa 20023. Alama hiyo humlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa ghushi. Swali la kwanza, lile la metali, mnunuzi atalijibu mwenyewe kwa kukitazama kifaa ndani.

Ni vyema pia fundi aelezwe mapema kwamba kazi ni ya maji ya bahari yenye viumbe hai, na apewe orodha ya vifaa badala ya pesa na ruhusa ya kuchagua. Fundi hodari wa nyumba si lazima awe amewahi kufanya kazi ya namna hii, na kumweleza si kumdharau. Koki ya plastiki ikivunjika, hubadilishwa kwa dakika chache. Tangi la kaa wa mwezi mzima likifa, hakuna duka linalouza mwezi huo.